Makasi kwa mkono unaouma

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa kikundi cha ushonaji, Baraka)



Tulipewa dakika ishirini tuseme juu ya kikundi cha ushonaji. Wengi wenu mnangoja hesabu: mashini ngapi, sare ngapi, pesa ngapi imerudi ndani ya sanduku. Hesabu hizo mweka hazina atazisoma kisha. Sisi leo tutasema juu ya makasi tu. Msicheke. Kwa Kiswahili makasi ni kile chombo cha kukata. Kwa Lingala makasi ni nguvu. Basi shida yetu ya mwaka huu ilikuwa hapo katikati: tuliwapa watu makasi yanayotaka makasi, na wengine mikononi hawana tena.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe.

Kanuni ya mashini mnaijua. Mashini ni ya chama, fundi anaitumia nyumbani, kila mwezi analeta kidogo. Asiyeleta miezi mitatu mfululizo, mashini inaenda kwa anayefuata kwenye orodha. Kanuni hiyo mliiandika wenyewe, na si mbaya. Orodha ni ndefu, na kila aliye kwenye orodha ana watoto wanaokula.

Sasa kuna mama mmoja. Jina hatulitaji, lakini ametupa ruhusa tusimulie. Kushona alijifunza ng'ambo, kambini Lugufu, na mpaka leo yeye anasema cherehani, si mashini kama waliobaki huku. Watoto wake walikula kwa sindano miaka yote ile ya ukimbizi. Safari za kurudi zilipoanza mwaka 2005, yeye hakupanda meli mara moja. Alisubiri kwanza asikie habari za waliotangulia. Lugufu ilifungwa mwaka 2009, wakati huo amesharudi, analima na kushona kwa mkono mpaka chama kikampa mashini. Alikuwa wa kwanza kulipa kila mwezi. Halafu akaanza kuchelewa. Mwezi wa kwanza tukanyamaza. Mwezi wa pili tukaenda, tukakuta vitambaa vya sare, bluu na nyeupe, vimechorwa chaki vizuri kabisa, lakini havijakatwa. Septemba inakaribia, wazazi wanauliza nguo za watoto. Tuliporudi tukaandika kwenye ripoti: "Bidii imepungua." Hayo maneno ni yetu. Karatasi ipo.

Mwezi wa tatu komite ikatutuma tukachukue mashini. Tulifika asubuhi mapema. Tukamkuta amekaa mlangoni, mikono miwili ndani ya beseni. Tukafikiri anaosha vyombo. Ndani ya beseni hakukuwa na chombo hata kimoja, ni maji ya moto tu.

"Mama, shikamoo. Tumekuja juu ya mashini."

"Marahaba wanangu. Najua. Ingieni kwanza mkae."

Tukaingia. Akaleta makasi yale ya chama, yale meusi ya chuma, akampa mmoja wetu na kitambaa cha sare kilichokunjwa mara nne. "Kata." Mwenzetu akakata, mara kumi, kumi na tano, akaanza kubadilisha mkono. Ni kijana, anacheza mpira. Mama akaonyesha kidole gumba chake. Kifundo kimevimba, hakipiti kwenye tundu la makasi. Kumbe alikuwa anakata kwa kulaza mpini mmoja juu ya meza na kuukandamiza mwingine kwa kiganja, kama mtu anayeponda sombe. Sare moja, asubuhi nzima.

"Kushona naweza," akasema. "Mguu unakanyaga, kitambaa kinakwenda. Kukata ndiyo kunanishinda."

"Mbona hukutuambia, Mama?"

"Niseme nini, mwanangu? Kitu umepewa bure, utakilalamikia?"

Wandugu, hilo jibu tumelibeba mpaka leo. Wafadhili wetu, mlisikie vizuri. Sisi tulikuwa na fomu inayouliza kama vifaa vimepokelewa. Vilipokelewa, akaweka kidole chake kwenye wino, tukafunga dosari. Hakuna mahali fomu inauliza kama vile vifaa vinamuumiza.

Mashini hatukuichukua. Tuliomba komite mwezi mmoja, ikakubali kwa shida. Haya tunayosema sasa ndiyo tuliyojifunza ndani ya mwezi huo, kwa mama mwenyewe, kwa muuguzi wa kituo cha afya, na kwa mzee mmoja fundi wa suti anayejua makasi kuliko sisi tunavyojua ripoti.

Jambo la kwanza ni mkono wenyewe. Tunasema baridi yabisi, wengine wanasema rimatisme, lakini chini ya jina hilo kuna magonjwa zaidi ya moja. Kuna ule wa kuchakaa: kile kitu laini kinachokaa kati ya mfupa na mfupa kinaisha, na kwa watu wa kazi za mikono mara nyingi kinachoumia ni shina la kidole gumba. Mkono unakuwa mgumu asubuhi kidogo, kisha unalegea, halafu unauma tena baada ya kazi. Kuna mwingine ambao mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Huo unashika mikono yote miwili, viungo vinavimba na kuwa na joto, na ugumu wa asubuhi unaweza kupita saa nzima. Huo wa pili usingoje. Ukitibiwa mapema vidole vinaweza kuokolewa. Ukichelewa vinapinda na havirudi. Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, ni kwenda siku hiyo hiyo.

Neno moja juu ya vidonge vya maumivu vya sokoni. Tunajua mnavimeza, na sisi tunavimeza. Lakini kuvimeza kila siku, miezi na miezi, bila mtu wa afya kujua, vinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Makasi mazuri hayaponyi ugonjwa, wala vidonge havifai kuwa njia ya kuvumilia makasi mabaya.

Jambo la pili: makasi gani?

Tulikosea kwa kununua aina moja kwa watu wote. Tuliona chuma kizito tukasema, hii itadumu. Ni kweli inadumu. Yale makasi yana urefu wa inchi 10, karibu sentimita 25, na tulipoyaweka kwenye mizani ya duka yalikaribia gramu 400. Ni makasi ya fundi wa suti, mwenye mkono mzima, anayekata koti zito. Kwa mkono unaouma, uzito wote huo unaning'inia kwenye kidole gumba. Makasi ya inchi 8, ya chuma chembamba na mipini ya plastiki, yanaweza kuwa chini hata ya nusu ya uzito huo, na kitambaa cha sare au cha kikwembe yanakata bila shida.

Lakini msikimbilie madogo kabisa. Makasi mafupi sana yanakufanya ufungue na kufunga mara nyingi kwa mstari ule ule, na kila kufungua na kufunga ni maumivu. Yale ya katikati, inchi 8, kwa wengi ndiyo yanafaa.

Tazameni mipini. Kuna makasi yaliyonyooka, mipini na makali katika mstari mmoja. Hayo ukiyatumia mezani lazima uinue kitambaa na kupinda kiwiko cha mkono. Kuna mengine ambayo mipini imepinda kwenda juu, makali ya chini yanalala juu ya meza. Hayo ndiyo ya kukatia nguo. Meza inabeba uzito, mkono unasukuma tu. Fundi mwenye mkono unaouma achukue hayo, na akate juu ya meza, amesimama. Kukata kwenye mkeka au kwenye mapaja kunaondoa faida yote.

Tazameni matundu. La chini liwe refu, vidole vitatu au vinne viingie pamoja, ili nguvu itoke kwa mkono wote, isitoke kwa kidole kimoja. La juu liwe pana, kifundo cha gumba kipite na kutoka bila kusukumwa. Kwa ndani pawe pa mviringo, si ukingo mkali. Watu wengi wanazungushia kitambaa au mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli ili pawe laini. Ni wazo zuri kama tundu ni kubwa. Kama tundu lilikuwa dogo tangu mwanzo, ukizungushia unalifanya dogo zaidi, na kidole kitabanwa zaidi. Tuliona hilo kwa mama wawili waliojisaidia hivyo.

Kuna pia makasi yenye springi kati ya mipini. Unayabana, yanakata, unayaachia, yanafunguka yenyewe. Kwa mtu ambaye kufungua ndiko kunakomuuma, hayo ni baraka. Lakini jaribu kwanza ile springi. Ikiwa ngumu, utapigana nayo kila ukifunga, umetoka shimo moja umeingia lingine. Na yawe na kifungo cha kuyafungia, sababu makasi yanayojifungua yenyewe ndani ya nyumba yenye watoto si mchezo. Kwa kukata nyuzi tu, kile kikasi kidogo kisicho na matundu, kinachobanwa kiganjani, kinatosha. Usinyanyue makasi makubwa kwa uzi mmoja.

Na wenye kutumia mkono wa kushoto, tusiwasahau. Makasi ya kawaida ni ya mkono wa kulia: ukiyashika ncha zikitazama mbele, ubao wa juu uko upande wa kulia. Ukiyatumia kwa kushoto, vidole vinasukuma mabao yaachane, kitambaa kinajikunja katikati, na wewe unasokota gumba ili yakate. Mtu wa kushoto mwenye mkono mzima anazoea. Mwenye baridi yabisi anaumia mara mbili. Makasi ya kushoto yapo, ni ya kuagiza, na hatukuwahi kuuliza nani kati yenu ni wa kushoto.

Jambo la tatu: namna ya kujaribu sokoni.

Kwanza, aende mwenye mkono. Si mume, si mtoto, si sisi. Pili, aende asubuhi, wakati vidole bado vigumu. Ukijaribu saa saba mchana, vidole vimeshapata joto, makasi yoyote yataonekana mazuri. Tatu, abebe kipande cha kitambaa anachoshona kila siku, akunje mara mbili, akate kutoka shina mpaka ncha. Mwenye duka akikataa kujaribiwa, kuna duka lingine.

Mzee fundi alituonyesha hili: shika mpini mmoja, fungua makasi, inua mpini wa pili uuachie. Ukianguka na kugonga mara moja, msumari wa katikati umelegea. Ukibaki hewani hautikisiki, umekazwa mno. Unatakiwa kushuka polepole. Kwa hiyo tafuteni makasi yenye skrubu katikati, si yale yaliyogongwa msumari wa kudumu, ili muweze kukaza na kulegeza wenyewe kwa bisibisi.

"Makasi yaliyolegea," mzee alisema, "mtu anayabana kwa ubavu wa kidole ili yakate. Hapo ndipo gumba linakufa." Tulienda tukaangalia makasi ya kikundi chote. Mengi yalikuwa yamelegea. Robo ya mzunguko wa bisibisi, na mama wengine wakasema wamepata makasi mapya.

Jambo la nne ni kuyatunza. Makasi butu yanataka nguvu, na nguvu ndiyo hatuna. Makasi ya kitambaa yasikate karatasi, wala majani ya mihogo, wala waya. Tuseme ukweli, nyumbani kila mtu anayachukua. Fungeni kitambaa chekundu kwenye mpini, watoto wajue. Tone moja la mafuta ya mashini kwenye skrubu, fungua funga mara chache, futa. Na kwenye kunoa, noeni upande wa nje tu, ule ulioinama. Upande wa ndani, bapa, usiguswe na jiwe. Wanoaji wengine wanapitisha pande zote mbili kwenye gurudumu, yanang'aa siku mbili, baada ya hapo mabao hayakutani tena.

Jambo la tano halihitaji pesa: kupanga kazi. Weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza, kama mama alivyokuwa anafanya bila kufundishwa na mtu. Ukifika kwenye mikunjo minene, sogeza kitambaa mpaka karibu na skrubu. Huko makasi yanakata kwa nguvu ndogo kuliko kwenye ncha. Usikunje mara nne kwa kuharakisha. Mara mbili inatosha. Usikate sare zote siku moja na kushona zote kesho yake. Kata moja, shona moja, mkono ubadilishe kazi. Na ndani ya kikundi, tugawane: mwenye mikono mizima akate, mwenye macho na uzoefu apime na achore, halafu wote waandikwe kwenye hesabu. Hapa ndipo tulipobishana na baadhi yenu. Mlisema, asiyekata hajafanya kazi. Lakini kumbukeni nani aliwafundisha nyote kuchora kola.

Sasa, mama yetu amefika wapi?

Alichagua makasi yake mwenyewe sokoni, asubuhi, akakataa ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka mwenye duka akaanza kunung'unika. Ya nne akayachukua: inchi 8, mipini imepinda, tundu la chini la vidole vinne. Yalikuwa na bei ndogo kuliko yale ya chuma tuliyowagawia. Ndiyo, ndogo. Tulitumia pesa nyingi zaidi kumpa kitu kibaya zaidi kwake.

Hatutawadanganya kwamba amepona. Gumba bado linauma, na siku za mvua anaacha makasi kabisa, mjukuu wake anakata. Muuguzi amemwandikia aende hospitali aangaliwe vizuri, safari hiyo bado tunaitafutia njia. Lakini sare zote za Septemba alizimaliza. Deni la miezi mitatu amelilipa, kidogo kidogo, la mwisho wiki iliyopita. Mashini iko nyumbani kwake.

Na tulipoanza kuuliza wengine, nao wakatoa mikono mezani. Hatukutegemea iwe mingi hivyo. Hata fundi viatu mmoja alileta koleo yake.

Kwa hiyo tuko na maombi matatu, na tunayaweka mbele yenu wote.

Kwa wafadhili: pesa ya makasi iacheni kama pesa, msiigeuze kuwa makasi ndani ya katoni. Kila fundi aende sokoni na wanachama wawili, achague, alete risiti. Kiasi ni kile kile. Tunajua kununua kwa pamoja ni rahisi kwa hesabu, lakini vidole havifanani.

Kwa komite: kabla ya kuchukua mashini ya mtu, aende mtu nyumbani asubuhi, amwombe amwonyeshe kazi. Asimuulize kwa nini hulipi. Amwambie: nionyeshe. Yule kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha tumeongea naye. Alikasirika, ana haki, amengoja muda mrefu. Anataka ajue kwamba mashini haikubaki kwa mama kwa upendeleo. Tunamjibu hapa mbele ya wote: imebaki kwa kazi, na hesabu itakayosomwa itaonyesha.

Kwa sisi wenyewe: kwenye fomu tumeongeza mstari mmoja, "Chombo hiki kinakuuma wapi?" Na ile ripoti ya mwezi wa pili hatukuichana. Chini ya "Bidii imepungua" tumeandika: "Tulikosea. Makasi hayakumfaa." Tumeweka tarehe na sahihi zetu.

Mama mwenyewe yuko hapa, msimtazame sana, hapendi. Alitukataza kumshukuru hadharani. Alisema tu tuwaambie wamama wenzake wasifiche mikono.

Makasi ya aina tatu tumeyaweka pale mezani, pamoja na bisibisi, mafuta na vipande vya kitambaa. Kabla ya chakula piteni mjaribu. Wenye mikono inayouma waanze.